Uzito Halisi

Kitangari, ghala la Chama cha Msingi,
Oktoba, vumbi la korosho limetukaa puani.
Mfaume Likanga, mpima mizani wetu,
alirudi kutoka Ndanda kwa basi la alasiri
na bahasha ya kaki chini ya kwapa.
Hakupita kwake kwanza. Alipita kazini.
Akavua ndara, akapanda kwenye mizani.

"Somoe, andika," akaniambia.
"Kilo arobaini na tisa.
Msimu uliopita nilikuwa sitini na nane.
Mnunuzi akiuliza, mwambie mzigo umenyauka njiani."

Wapakiaji wakacheka, halafu wakaacha kucheka,
kila mmoja kwa wakati wake,
kama mvua inavyokatika juu ya bati.

Ini, alisema. Madaktari wamempa msimu mmoja.
"Mmoja!" akarudia, kama mtu aliyetajiwa bei nzuri mnadani.
"Uliza mkorosho kama msimu mmoja ni mdogo.
Unatoa maua, unaugua ubwiriunga, unapigwa salfa, unapona,
unazaa, unaibiwa,
na bado mabibo yanabaki ya kukamua."

Mimi nilikasirika, niseme kweli.
Nilikuwa nimemzika mama mwaka uleule,
sikutaka mtu anitanie kwa kifo.
Nikafunga daftari. Nikamuuliza, "Wewe hulii?"

"Nalia," akasema. "Saa nane usiku ndiyo zamu yangu.
Mchana nina foleni ya watu."

Akaendelea kuja. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa,
koti la baridi mwilini na jua la saa sita nje,
akinifundisha kazi ambayo sikuiomba:
"Usisome mshale ukiwa unacheza.
Subiri utulie.
Wengi tunadhulumiana kwa haraka tu,
wala si kwa wizi."

Desemba miguu ilimvimba, akabaki nyumbani.
Nikampelekea dumu la maji ya mvua, na daftari,
maana alitaka tuandike madeni.
Mpira wa baiskeli wa Mchopa, tangu mwaka wa mafuriko.
Samahani moja kwa shemeji yake wa Mahuta.
Kanga aliyomwahidi Bi Asumini, doti, si kipande.
Mkewe alichemsha ming'oko; akala vipande viwili,
akausukuma sahani kwangu:
"Cha tatu nilikila zamani."

Siku moja nilimkuta amegeukia ukuta.
Hakuwa na utani. Alikuwa anauma ncha ya shuka.
Nikataka kuondoka kimyakimya.
"Kaa. Andika na hii," akasema.
"Daftari lenye faida tupu
ni daftari la mwizi."

Nikaandika tarehe. Nikaandika: *maumivu, tangu alfajiri*.
Baada ya kitambo akageuka, akaniuliza,
"Gunia tupu lina uzito gani?"
"Kilo moja."
"Tunaitoa kila siku, mkulima hagombani."
Akagonga kifua, sauti ikatoka kama ya debe.
"Basi na hili litatolewa.
Wewe angalia kilichobaki."

Januari wanaume walirudi makaburini
na tope jekundu hadi magotini.
Mchopa akakaa kwenye ngazi ya ghala, hasemi.
Mwishowe: "Jeneza lilikuwa jepesi mno, Somoe."
Nikamwambia, "Ulichobeba ni gunia."
Kisha nikaingia ndani, nyuma ya marobota,
nikalia mchana kweupe, nje ya zamu.

Oktoba imerudi. Mizani ni yangu.
Mama mmoja wa Mkoma ameleta nusu gunia,
jasho linamtiririka, mtoto mgongoni,
na nyuma yake foleni inanguruma:
"Soma, dada, tumechoka!"

Mshale bado unacheza.
Nasubiri.